Mstari wa Chaki kwenye Shafti ya Babu

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Hadi leo, nikisikia harufu ya petroli, mikono yangu inajificha yenyewe chini ya dawati. Nawaandikia nyinyi, wanadarasa wenzangu, kwa sababu kwa mdomo nisingeweza.

Babu alinipa beseni, petroli kidogo na kitambaa. "Safisha mupaka ing'ae." Kitu chenyewe kilikuwa shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Gari lake lilikuwa la zamani kuliko Baba. Gia zake zilikufa, Babu akaweka za pikapu, na shafti ikakatwa na kuchomelewa upya kule kwa mafundi wa mtaa wa Asiatique. Jumamosi gari hilo lingempeleka Shangazi Mariamu kwa mume, kama lilivyomleta Bibi kwa Babu. Babu alikuwa ameahidi.

Basi nikang'arisha! Nikang'arisha hata ule mstari mweupe wa chaki uliovuka vipande viwili vya shafti.

Babu akavichomeka kimoja ndani ya kingine, akafunga, tukatoka na rafiki yake, Fundi Rajabu, kuelekea mtaa wa Mutanga. Mwanzoni raha tupu. Kisha barabara ikafunguka, Babu akakanyaga mafuta, na sakafu ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana.

"Muzee, hii gari iko na malaria!" Rajabu akacheka. "Bibi harusi atafika bila hereni. Gia umeziweka upande, tuzitoshe."

"Kuzitosha na kuzirudisha ni siku tatu."

"Basi Mariamu apande teksi."

Babu akageuza gari turudi. Sijawahi kumwona akiendesha polepole vile.

Nyumbani waliinua gari, nikatambaa nao chini kushika tochi. Shafti ina uma kila mwisho. Nilipoisafisha, uma zote mbili zilikuwa zimelala sawa, kama watu wawili kwenye mkeka mmoja. Sasa mmoja umelala, mwingine umesimama. Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye hata mwalimu akiita jina langu huitikia kwa kichwa!

"Babu… ule mumoja umesimama. Na chaki… ni mi nilifuta."

Rajabu alianza kucheka, akaacha. Babu alipapasa uma wa kwanza, akapapasa wa pili, taratibu.

"Kweli. Ita we, mutoto, zikilala sawa. Sisi tunageuza."

"Kidogo tena… apana, mumepitisha! Rudisha… HAPO!"

Nilipiga kelele mbele ya wakubwa, na hakuna aliyenigombeza. Kabla ya magharibi tulirudi barabara ileile. Gari liliteleza kama limepakwa mawese, na Babu akapiga honi mpaka mlangoni, majirani wakidhani harusi imewahi.

Kwa miaka nilidhani alinisamehe kwa sababu ya furaha. Mwaka huu nilimpa ripoti yangu ya shule, akaisifu huku ameishika kichwa chini miguu juu. Ndipo nikaelewa. Fundi mwenye macho mazima asingehitaji chaki kuona kama uma zile zimelala sawa. Babu aliihitaji, na hakumwambia mtu.

Sikujua hayo Ijumaa ile asubuhi. Nilimwomba tu Shangazi verni yake nyekundu ya kucha, nikaingia chini ya gari na sare yangu ya shule, nikachora ule mstari upya. Nikaupaka mara tatu, usifutike tena. Ukawa mnene kiasi kwamba ungeweza kuusikia kwa kidole.