Siku Nilipoishika Propela Mbele ya Baba

Watu wa kwetu Isansa waliyeyusha chuma zamani, kabla majembe ya dukani hayajafika, na sheria yao moja niliijua kabla sijajua kusoma: mwanamke hasogelei tanuru. Akisogea, eti chuma kinagoma. Baba yangu hakuwahi kuyeyusha. Alifua majembe tu kwa vyuma chakavu vya malori, lakini ile sheria aliirithi nzima nzima. Nilifukuzwa kwenye kibanda chake tangu nilipoanza kutembea. Basi nilipokua nikaenda jeshini nikawa fundi wa ndege. Ukiniuliza kama nilifanya kusudi, nitakujibu ndiyo.

Ndege niliyokabidhiwa ilikuwa ya mafunzo: viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na injini ya pistoni yenye silinda zilizopangwa duara nyuma ya propela. Ilikuja kwa meli, vipande vipande ndani ya makasha, tukaiunga wenyewe. Marubani waliokuja kurusha ndege za kivita na kutembea mjini kifua mbele walianzia humo, na wengi walitapika humo. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafuta.

Injini ile ilikuwa na tabia yake. Ikilala, oili huchuruzikia silinda za chini. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuwasha, unaizungusha propela kwa mkono, polepole, huku unaisikiliza. Ikikwama usilazimishe, na usithubutu kuwasha. Oili haibanwi, kitakachopinda ni mkono wa pistoni, na injini imekufa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi na kapteni mmoja tulitumwa kuionyesha ndege kwenye sherehe za Saba Saba karibu na Tunduma. Ikalala kwenye kiwanja cha changarawe. Kesho yake asubuhi, baridi inauma, watu walijaa kutuaga, na kwenye mstari wa mbele alikuwapo baba yangu na wazee wenzake waliotoka Isansa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

Kapteni alikuwa na haraka, na alipenda kutazamwa. Akasema, "Koplo, ondoka hapo. Nawasha."

"Sijaizungusha, afande."

"Unanichelewesha mbele za watu. Isipowaka kwa sababu yako, unabaki hapa hapa kwenu, na hayo magwanda unayavua."

Nikasimama mbele ya propela, nikaishika. Nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikazungusha: panga la kwanza la propela likapita, la pili likapita. La tatu likakwama kabisa.

Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba chuma kimemkataa mwanamke. Wenzake wakaitikia. Kapteni akacheka, akasema hata wazee wangu wanajua kazi kuliko mimi. Baba alitazama chini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hebu fikiria: umesoma, umevaa magwanda ya taifa, halafu unaaibishwa na propela mbele ya mzazi wako.

Nilichukua spana, nikalala chali kwenye changarawe chini ya injini, nikafungua plagi ya silinda ya chini kabisa. Oili ikamwagika, nyeusi, kikombe kizima, ikanilowesha mpaka kwenye viwiko. Nikarudisha plagi, nikainuka, nikazungusha tena. Propela ikapita laini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikatosheka.

"Sasa washa, afande," nikasema.

Kapteni alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama ile oili chini, na nadhani alikuwa anajiona juu ya milima ya Ileje na injini iliyokufa.

Ndege ile ilifundisha vijana miaka mingi baada ya hapo. Wakati wa vita ilipeleka barua na dawa, kisha vipuri vikaadimika nchini, ikaegeshwa nyuma ya karakana mpaka majani yakafunika matairi. Mikono yake yote ya pistoni ilikuwa bado imenyooka. Hilo naapa.

Lakini siku ile, kabla sijapanda, nilimwendea baba kumuaga. Nikapiga magoti na kupiga makofi ya heshima kama tulivyofunzwa, mikono ikiwa vilevile na oili yake. Baba akainama, akanishika viganja vyote viwili, akavigeuza juu, akavitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama jembe kabla ya kulitia mpini.

"Mama," akaniuliza polepole, "ulijuaje kwamba imejaa ile ya chini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hilo lilikuwa swali la kwanza baba yangu kuniuliza kuhusu chuma.