Anwani ya Nyumba Ambayo Hatujahamia

Kaka yangu ana dharau, na sitaki kulipamba hilo. Kanizidi miaka kumi, ofisi yetu ya Kirumba imekodiwa kwa jina lake, basi anajiona ndiye aliyenizaa. Lakini kiini cha mfumo unaoendesha vyumba vya baridi vya samaki nilikiandika mimi, peke yangu, miaka mitatu.

Asubuhi ya kuwaonyesha wanunuzi, mashine ikagoma. Skrini nyeusi, hata herufi moja hakuna.

"Si nilikwambia? Takataka zako hizi," kaka akasema. "Wageni wakikuta hivi, natupa kazi yako yote, nanunua mfumo wa watu wanaojua."

Nikafungua maagizo ambayo kompaila, programu inayotafsiri nilichoandika kwa lugha ya mashine, ilikuwa imeipa mashine, nikaona. Kiini kikiwashwa huanzia sehemu ya chini ya kumbukumbu, halafu ndipo kinahamia juu, kwenye anwani zake za kudumu. Kabla hakijahama, kila kitu lazima kitafutwe kwa umbali kutoka pale kilipo. Kompaila ya zamani ilikuwa ikichagua hivyo yenyewe. Hii ilichagua anwani kamili za kule juu, kama kumtuma fundi kule Ilemela, kwenye nyumba ambayo bado hujahamia. Atagonga, nani amfungulie? Nikaangalia toleo la kompaila: jipya. Kaka alilibadilisha jana yake bila kuniambia, mjuaji yule!

Nikaongeza neno moja la kuiamuru kompaila ipime kutoka ilipo, kwa faili lile la kuwashia tu. Mashine ikawaka.

"Neno moja?" Akacheka. "Kumbe hata mimi ningeweza. Na kelele zote zile!"

Wee! Damu ilinichemka. Nikalifuta lile neno, nikaujenga mfumo upya, skrini ikarudi nyeusi. Nikamsogezea kiti.

"Haya kaka, liweke."

Akabonyeza, akabonyeza, jasho linamtoka. Wanunuzi wakaingia, wakasalimia, wakaitazama skrini.

"Mdogo wangu, nakuomba," akaninong'oneza.

"Waambie kwanza nani kabadilisha kompaila."

Akawaambia, macho yakiwa chini. Nikaliandika neno, mashine ikawaka, wanunuzi wakachukua mfumo wangu.

Tangu siku ile, shikamoo yangu anaipata mbele ya mama tu.