Mjomba na Kisiwa cha Katikati ya Barabara

Mjomba wangu anauza mayai kwa baiskeli, na nitangulie kusema kwamba ni mtu mwenye akili timamu, maana huko mbele mtaanza kumtilia mashaka.

Nyuma ya baiskeli yake amefunga masanduku mawili ya mbao, moja kulia na moja kushoto, na ndani yake trei za mayai zimepangwa hadi juu. Asubuhi akishapanda, hashuki mpaka mzigo umalizike. Si majivuno. Ukishuka na mzigo ule baiskeli inalala upande, na mayai hayana msamaha. Kwa hiyo anauza akiwa juu ya kiti, mguu mmoja chini, na wateja wanaijua sheria yake: wa kwanza anachukua kulia, anayefuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili uzito ubaki sawa. Siku moja mkwe wake, mama mzima wa kuheshimiwa, alinyoosha mkono kulia wakati zamu ilikuwa ya kushoto. Mjomba akampiga kikofi cha mkono kama mtoto aliyekutwa anafunua sufuria. Habari ile ilizunguka kwenye ukoo mzima, na mpaka leo hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko kando ya barabara kuu, mlango uko wazi kutwa, na mikono yangu inajua kusuka bila macho, kwa hiyo macho nayatumia kwa mambo mengine. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi, kuna dirisha la mama mmoja mpishi wa keki. Mtaa mzima tunamwita Mama Keki. Ni mjane, na Mjomba naye mkewe alitangulia zamani. Kila asubuhi Mjomba alikuwa akikata barabara moja kwa moja mpaka kwenye dirisha lile, na mapenzi yao, kama yanastahili jina hilo, yalikuwa hivi:

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Leo kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Haya, asante."

Basi, keshakanyaga pedali na kuondoka, masikio yamemwiva. Miaka nenda miaka rudi, ni hayo tu. Mtu anayeweza kubishana na soko zima mpaka soko likaomba maji, akifika dirishani pale ulimi unaganda. Nilikuwa nikimwambia, "Mjomba, shuka basi uzungumze na mwenzio." Ananijibu, "Nishuke na mayai?" Akishasema hivyo anajiona kashinda kesi.

Ndipo wakatuletea barabara mpya.

Sitaki kuwasema vibaya walioichora, lakini nitawasema. Walianza na njia ya baiskeli. Wakaipaka rangi nzuri kweli, wakachora na picha ya baiskeli chini ili hata mgeni asipotee. Njia ile inaanza vizuri kwenye kituo cha mafuta, inanyooka, inapendeza, halafu inakwenda kugonga nguzo ya umeme. Nyuma ya nguzo inaendelea tena kama kawaida, kana kwamba nguzo ndiyo iliyokosea. Kisha wakaweka matuta. Siku ya kwanza ya matuta Mjomba aliingia mtaani anachuruzika ute na kiini pande zote mbili, na nyuma yake msafara wa paka, wengine hata hatukuwahi kujua kwamba tunao. Aliona cha mtema kuni siku hiyo.

Wakamalizia na uzio wa chuma katikati ya barabara, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pa kuvukia pakabaki mahali pamoja tu, mbele ya mlango wangu. Wakasimika taa ya waenda kwa miguu yenye kitufe cha kubonyeza, na katikati ya barabara wakajenga kisiwa, yaani jukwaa dogo la zege la kusimama watu wachache. Na kibao: mwendesha baiskeli ashuke, asukume.

Tatizo lilikuwa taa. Ile ya kijani ukimeza mate tu imeshageuka nyekundu. Hakuna aliyevuka barabara nzima kwa mara moja, labda mbuzi. Sisi wengine tulifika kisiwani tukakwama, magari yanatupita mbele na nyuma, tukisubiri kijani ya pili. Mteja wangu mmoja alitoka kichwa kimesukwa nusu, kakimbilia ng'ambo kununua nywele za kuongezea, na wakati wa kurudi akakwama pale kisiwani, upande mmoja misuko, upande mwingine nywele zimesimama wima. Abiria wa basi walihama wote upande mmoja wa basi ili wamwone. Hajarudi saluni tangu siku hiyo. Upande mwingine sijui nani alimmalizia.

Sasa Mjomba. Kwa mara ya kwanza maishani ilimbidi ashuke na mzigo. Akafika kwenye taa, akabonyeza kitufe huku akisema "Hodi!" kwa adabu zote, akaanza kusukuma. Kufika kisiwani, nyekundu. Akabaki pale ameishika baiskeli kwa mikono miwili, kaiegemeza kwenye kiuno, na kila lori likipita upepo unaitikisa, naye anatikisika nayo. Akaanza kupiga kelele. Hakuita jina la mtu. Aliita, "Mayai jamani! Mayai!" na watu wakadhani anauza.

Mama Keki peke yake alielewa. Nilimwona akiacha dirisha, akatoka mbio na aproni yake, unga mpaka kwenye viwiko. Kijani ya upande wake ilipowaka akaingia kisiwani na kudaka sanduku la upande wa pili. Sasa wamesimama, baiskeli katikati, yeye kushoto, Mjomba kulia, mzigo umetulia. Na hapo ndipo pakawa na kazi, kwa sababu akiachia mmoja, mayai yote chini. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kwa ajili ya malori sikusikia walichosema, lakini niliona mdomo wa Mjomba unakwenda. Unakwenda kweli kweli! Nilishtuka nikamchoma mteja na kitana.

Kesho yake Mama Keki alikuja kisiwani na chupa ya chai na vikombe viwili. Keshokutwa akaongeza keki. Kisha kikatokea kigoda cha kuegemeza baiskeli, na baada ya hapo kingine cha kukalia. Mjomba naye akaanza kuvaa shati la kola lililopigwa pasi. La kuuzia mayai! Madereva wa mabasi wakawa wanawapigia honi ya salamu, na wao wanapunga mkono kama watu waliokaa barazani kwao.

Askari wa barabarani alipita siku moja akasimama.

"Mzee wangu, hapa si mahali pa kukaa."

"Nasubiri taa, afande."

"Si hiyo imewaka?"

"Hiyo imeshanipita. Nasubiri inayokuja."

Askari akaitazama ile keki, akaitazama taa, na Mama Keki akamkatia kipande. Hakuuliza tena.

Lakini mtaa maji yalikuwa yameufika shingoni. Wazee wanakwama, wajawazito wanakwama, fundi viatu ambaye mguu wake mmoja ni mgonjwa alidai anazeeka huko kisiwani. Ikaitishwa mikutano midogo midogo ya kutoa povu, mpaka halmashauri ikakubali kumtuma mhandisi aje kusikiliza. Watu wakasema tumchague msemaji mmoja mwenye sauti. Wakamchagua nani? Mjomba wangu. Kwanza ana koo la kuita mayai mtaa hadi mtaa. Pili, walisema, hakuna mtu aliyeteseka kwenye kisiwa kile kama yeye, kila siku wanamwona pale maskini.

Jioni ya kuamkia mkutano alikuja saluni, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, yeye mwenye upara.

"Mpwa wangu," akasema, "wakiirefusha ile taa, nitavuka moja kwa moja."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Nikivuka moja kwa moja nitafika."

"Ndiyo, Mjomba. Kuvuka ni kufika."

"Nikifika dirishani, tutarudi kulekule. Hujambo, sijambo, kushoto, haya asante." Akashusha macho. "Pale katikati naweza kusema. Kule upande wake siwezi. Sijui kwa nini."

Nilimwonea huruma, na pia nilikasirika, na vyote viwili nikamwambia. Nikamwambia Mjomba, wewe ni mtu mzima, piga moyo konde umweleze mwenzio kwamba unampenda, halafu barabara ifanyweje ifanyweje hutajali. Akasema atamwambia kesho. Kesho hiyo nimeanza kuisikia kabla sijajua kusuka.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mhandisi alikuwa kijana mpole, kabandika mchoro wa barabara ubaoni, na alikuwa na sura ya mtu aliyezoea kutukanwa. Mwenyekiti wa mtaa akamwinua msemaji wetu. Watu wakapiga makofi. Mjomba akasimama, akakohoa, akaitazama ile taa kwenye mchoro kama mtu anayeaga.

"Mheshimiwa mhandisi," akasema, "ile taa haina tatizo."

Mhandisi akainua kichwa.

"Iko sawa kabisa. Ila kama inawezekana, ipunguzwe kidogo."

Darasa likalipuka. Fundi viatu akataka kusimama, dawati likamng'ang'ania, akapiga kelele akiwa ameinama humo humo: "Huyu amerogwa!" Mwenyekiti anagonga meza, hakuna anayemsikia. Mhandisi peke yake ndiye aliyefurahi. Nadhani tangu aanze kazi hakuwahi kusifiwa. Alichukua kalamu akaanza kuandika huku akisema, "Mzee anaona mbali, mzee anaona mbali." Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mama Keki akasimama kutoka madawati ya nyuma.

"Baba mhandisi, usimsikilize huyo," akasema. "Mimi naomba taa irefushwe."

Nilimtazama Mjomba. Uso ulimshuka wote. Alidhani amechokwa, na mbele za watu. Aliushika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, vile anavyoishika baiskeli lori likipita.

"Irefushwe," Mama Keki akaendelea, "kwa sababu nimechoka kumnywesha huyu baba chai kwenye moshi wa malori. Kikombe nusu chai, nusu vumbi. Nataka avuke mpaka upande wangu, asiishie dirishani, aingie ndani, akae kwenye kiti chenye mgongo. Mimi nimemngoja mtu huyu tangu barabara haina hata hiyo taa. Kila asubuhi namuuliza kulia au kushoto, naye anadhani nauliza mayai."

Watu wote wakageuka kumtazama Mjomba, na mhandisi akaacha kuandika. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kitu pekee kilichotoka, Mungu anisamehe kwa kumcheka mtu wa damu yangu, kilikuwa hiki:

"Na mayai je?"

"Mayai," akasema Mama Keki, "tutayala."

Lile darasa lilivyoshangilia, nadhani walisikia mpaka kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Makelele yalipotulia mhandisi, masikini, akauliza kwa sauti ya kubembeleza sasa aandike nini, ipunguzwe au irefushwe. Mjomba akamgeukia.

"Irefushe, mwanangu," akasema. "Irefushe."