Klabu ya Baiskeli na Meno Yangu Mawili

Watu wakisikia kwamba ujanani nilikuwa mwanachama wa klabu ya baiskeli hunitazama miguu hii iliyokauka, kisha hucheka. Wacheke. Sikujiunga kwa sababu ya mchezo. Nilijiunga ili nimwone mama yangu.

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na wapiganaji Wakikuyu msituni. Mimi nilikuwa seremala katika shamba moja kubwa la chai nje ya mji wa Kericho, na mama alikuwa Litein, akiuza maharagwe na unga mbele ya chumba alichopanga sokoni. Sisi ni Wakikuyu, lakini mimi nilizaliwa huku huku kwenye chai, na Kikipsigis nilikijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Hilo halikunisaidia kitu serikali ilipoamua kwamba Mkikuyu asitoke alipo bila kibali, na meneja wetu hakuwapa watu wangu vibali. Wenzangu wengine walikuwa wameshapakiwa kwenye malori na kupelekwa kwenye nchi ya baba zao, ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Karakana yetu ya useremala ilizidi kuwa kimya.

Shambani kulikuwa na klabu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya makarani: kaptura nyeupe, soksi hadi magotini, baiskeli zilizopakwa mafuta mpaka spoki zinang'aa. Walishindana mbio hadi Kericho mjini na kurudi, na aliyeachwa nyuma aliachwa. Karani mmoja aliniona nikipanda kilima, akaniambia nina mapafu mazuri, nikijiunga nao nitapewa fulana. Klabu ya pili ilikuwa ya watu wa kanisa. Hao walivaa makoti ya mvua yaliyochakaa na kofia za kila aina, wakaenda polepole kama ng'ombe wanaorudi nyumbani, na mmoja akipata pancha wote walisimama hadi azibe. Lakini kila Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, walikwenda Litein, wakanywa chai hotelini, wakarudi kabla mvua ya alasiri haijashika. Na kapteni wao, mwalimu wa kanisa, alikuwa na ruhusa moja ya meneja kwa kundi zima. Nikachagua kofia za kila aina. Makarani walinicheka hadi wakachoka.

"Wewe najua unaenda kuona nani," kapteni aliniambia siku ya kwanza, akizibana breki zangu kuona kama zinashika. "Utakaa katikati. Kwa kizuizi ni mimi nitaongea."

"Nikiulizwa, mwalimu?"

"Jibu na Kikipsigis. Kidogo tu, halafu unyamaze."

Ndivyo tulivyokwenda, wawili wawili, mimi katikati, vumbi la walio mbele likiniingia puani. Pande zote mbili za barabara ni chai tupu, imekatwa sawasawa, na mimi naichukia mpaka leo. Kizuizini askari waliangalia ile ruhusa, wakatutania kuhusu kofia zetu, wakainua mti. Litein, wenzangu wakiagiza chai, mimi nilipita nyuma ya hoteli, na mama alikuwa hapo na bakuli la maharagwe yaliyopondwa na viazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitazama nikila, kisha akasema, "Cheka nione." Alitaka kuona meno yangu. Tangu nikiwa mdogo alinisimamia kila asubuhi na kijiti cha mswaki, na meno hayo ndiyo mali pekee aliyojivunia mbele ya majirani. Nikacheka, mtu mzima mwenye ndevu, akaridhika.

Kisha kizuizini akaja askari mpya, mtu wa upande wa ziwa. Hakutaka ruhusa wala kofia. Alitupanga kando ya barabara.

"Fungueni mdomo," alisema. "Kwetu tunatoa meno ya chini. Nyinyi Kipsigis pia mnatoa mawili. Sasa huyu mbona yake imejaa kama ya Mkikuyu?"

"Huyu alikulia kwa misheni," kapteni alijibu. "Watu ya misheni waliacha hiyo mambo."

"Na wewe mwalimu wa misheni mbona huna?"

"Mimi niliingia kanisa nikiwa mkubwa."

Askari alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. Akasema Jumapili nyingine ataangalia vizuri, akatuachia. Njiani kapteni aliniambia nikae nyumbani kidogo, huyo mtu atahamishwa. Alisema kweli, na mimi sikutaka kusikia. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu anayeambiwa awe na subira na watu ambao mama zao wako karibu.

Karibu na Kiptere kulikuwa na mzee aliyekuwa aking'oa watoto meno siku za zamani, kabla wazazi hawajaingiwa na maneno ya wamishenari. Nilimfuata usiku, bila kibali, kwa njia za ndani ya chai. Alinishika kidevu, akapapasa meno yangu ya chini kwa kidole gumba.

"Hii ni kazi ya watoto," alisema. "Ya mtu mzima imeshika kama mzizi. Utalia."

"Nitalia, baba."

Alitumia chuma chembamba chenye ncha, na nililia. Alinipa maziwa ya mursik, yale yaliyogandishwa kibuyuni, nisukutue, nikayatema mekundu. Usaha ulipoingia nilikaa wiki kadhaa kitandani, na Jumapili zikapita bila mimi. Nilipotokea tena kanisani na baiskeli yangu, kapteni alinitazama mdomo, akafumba macho, akasema, "Mungu wangu, kijana." Halafu akanionyesha nafasi yangu, pale pale katikati.

Kizuizini siku hiyo hakukuwa na mtu, mti ulikuwa umeinuliwa. Tulifurahi, wajinga sisi. Askari wote walikuwa Litein. Lori lilisimama katikati ya soko, na ndani yake, wamesimama wamebanana, walikuwa Wakikuyu wa Litein, wenye maduka na wasio na maduka. Mama alikuwa ukingoni, ameshika nguzo, kanga yake imefungwa kichwani kama mtu anayekwenda shamba.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka baiskeli ikianguka nyuma yangu na kapteni akiniita. Yule askari wa ziwani alitokea mbele ya gari, akanishika shingo kwa nyuma, akanisukuma hadi miguuni pa mama.

"Mama," alimuuliza, "huyu ni wako? Kama ni wako, apande muende pamoja."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nami nilikuwa tayari kupanda. Nilifungua mdomo nimwite, na hapo mama akaliona pengo. Uso wake ulibadilika, nikajua nimemuumiza kuliko lile lori.

"Huyu simjui," alisema. "Wangu ana meno yote. Mimi ndio nilimlea, ningejua."

Kisha akamgeukia kapteni, akamwamkia kwa Kikipsigis, "Chamgei," taratibu, kama mteja wake wa kila siku, akamwambia awapeleke vijana wake nyumbani kabla ya mvua. Askari alilitazama pengo langu; kama aliukumbuka mdomo wangu wa kizuizini hakuonyesha, akaniachia. Lori likaondoka kuelekea Kericho, na sisi nyuma yake, wawili wawili, hadi lilipotuacha. Hakuna aliyekunywa chai siku hiyo.

Sikumwona tena. Alifia huko alikopelekwa, katika kijiji kilichozungushiwa mtaro, na mimi nilipata habari baada ya vibali kwisha, kwa mwanamke aliyelala naye chumba kimoja. Nilimuuliza kama mama aliwahi kunitaja.

"Kila siku," alisema. "Alituambia ana kijana kule kwa chai. Fundi wa mbao. Na meno yake yote iko."

Na huko hakuwa na haja tena ya kumficha mtu kwa maneno hayo.