Uji Uliomuua Baba Njeri

Mume wangu alitoka bafuni na taulo kiunoni, povu bado liko masikioni, akakuta akina mama wa kanisa wamejaa kwenye ploti yetu hapa mtaa wa Landless wakiimba wimbo wa kuaga maiti, na maiti yenyewe ilikuwa yeye.

Mama Kibe, ambaye ndiye kiongozi wetu, alikuwa ametangulia na chupa ya chai mkono mmoja na mfuko wa sukari mkono wa pili, akamwona, akaachilia vyote viwili vikaanguka kwa simiti. "Ngai!" Wimbo ukakatika katikati. Baba Njeri naye, kwa sababu ni mtu wa heshima hata akiwa na taulo, akasema, "Karibuni. Ni nani ametuacha?"

Wote wakageuka kuniangalia mimi, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya jiko nakaanga wimbi, uso umejaa unga, mdomo wazi kama mtungi. Nimeaibika mara nyingi maishani, hata siku moja nilianguka sokoni na trei mbili za mayai, lakini zile zilikuwa aibu za kujipangusa. Hii haipangusiki, na sitaibeba peke yangu. Nitataja watu.

Mimi ni msagaji wa unga wa uji. Wimbi, mtama, mahindi na soya kidogo, nakaanga mwenyewe, napeleka kwa posho mill mwenyewe, nauza sokoni kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na wafanyabiashara wa Githurai 45 walikuwa wanakuja kununua gunia nzima, wanaenda wanapakia kwa mifuko mizuri na kuandika majina yao. Nilikuwa nimezoea. Sasa Shiru, binti ya kaka yangu, anayeishi Ruiru na amesoma mpaka chuo (mkosaji wa kwanza huyo), akaniambia, "Tata, hao watu wa katikati ndio wanakula jasho lako. Siku hizi mtu anauzia mteja moja kwa moja. Anaona kwa simu, anaagiza kwa simu, boda inamfikia mlangoni. Wewe ni faunda, ni vile tu hujui."

Faunda! Mimi nilifikiri ni ugonjwa. Kumbe ni mtu mwenye biashara, ila anaongea sana kuliko kuuza.

Akanipeleka Ruiru kwa darasa la mafaunda, chumba cha juu ya bucha fulani, huko kuna mkosaji wa pili na ndiye mkubwa, anaitwa Lenny, lakini usipomwita Coach hageuki. Suruali inaishia juu ya kifundo, kiatu bila soksi, meno yote nje. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa simu, mmoja anauza sabuni ambayo hajawahi kuitengeneza, mwingine anauza chupa za maji ambazo hajawahi kuziona, ziko China bado, na kila mmoja akisema jina lake wengine wanapiga makofi. Nilikuwa peke yangu mwenye kitu cha kuonja. Niliwapikia uji wakamaliza sufuria, hakuna aliyenipigia makofi.

"Watu hawanunui unga," Coach akasema. "Watu wananunua wewe." (Nikajiuliza mimi ni gorogoro ngapi.) "Mama, maumivu yako ni nini?"

"Ni goti," nikamwambia.

Wakacheka. "Hapana mama, ya ndani. Kila brendi iko na story."

Basi nikatafuta ndani, nikamwambia ukweli, kwamba mzee wangu alipatikana na ugonjwa wa sukari, akaacha soda, akaacha mandazi, na kila asubuhi anakunywa uji wangu bila sukari. Nilisema anakunywa, sikusema alikuwa akinywa! Coach akafunga macho kama mtu amewekewa nyama choma. Akaniomba picha ya mzee. Nikampa ile ya harusi ya Njeri, amevaa suti ya kijivu, amesimama wima kama nguzo.

Wiki iliyofuata akaniletea karatasi, Kizungu kutoka juu mpaka chini. "Soma mama, ukikubali tunaweka."

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mimi nilitoka shule darasa la nne. Kikuyu nasoma, Kiswahili nasoma, Biblia nasoma mbele ya kanisa nzima na sauti haitetemeki, lakini Kizungu naona tu siafu wamepanga foleni. Ningesema, "Nisomee." Neno moja. Lakini wale watoto walikuwa wananiangalia, na mimi ndiye mzee hapo, nikavaa miwani, nikasogeza macho pole pole vile naona wengine wakisogeza, nikafika chini, nikatingisha kichwa.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Ni story yako?"

"Ni yangu kabisa."

Hapo sasa ndio wakanipigia makofi.

Unga ukabadilishwa jina, ukaacha kuwa wa Mama Njeri, ukaitwa Kumbukumbu, nikaona ni vizuri, mteja asinisahau. Simu yangu ikabaki Ruiru kwa Shiru ndiyo awe anajibu wateja, mimi nikabaki na kusaga. Na wateja walikuja, siwezi kudanganya, nilikaanga mpaka mkono ukafa ganzi. Siku moja nilipeleka mzigo Githurai 45 mwenyewe, mama mmoja akashuka kutoka gorofani, akanikumbatia, akalia kwa bega langu kitambo. "Wewe ni mwanamke wa nguvu," akaniambia. Nikamjibu, "Ni kuzoea tu, mama." Nilirudi nyumbani nikisema watu wa huko wanapenda uji kwelikweli.

Baba Njeri ndiye alikuwa akibeba pakiti na baiskeli yake mpaka stendi, na za karibu anafikisha mwenyewe. Jioni moja akaniambia kuna mteja amemkodolea macho, akamuuliza kama ni ndugu ya marehemu. "Nikamuuliza marehemu gani, akasema pole, akafunga mlango." Tulicheka. Ngai, tulicheka na uji ukatumwagikia.

Kumbe Purity, binti ya Mama Kibe, ameona tangazo kwa simu yake na kumsomea mama yake. Mama Kibe akapiga namba yangu, na Shiru akapokea kwa ile sauti ya kufundishwa: "Karibu Kumbukumbu, pakiti ngapi?" Mama Kibe akakata, akaamini ni mimi, nimemzika mzee kimya kimya na msiba umenichanganya akili. Na kwetu hakuna anayepiga simu mara mbili kuuliza kama mtu amekufa. Unabeba sukari, unabeba unga, unaenda. Wakajikusanya baada ya kanisa (mimi sikuwa nimeenda, oda zilikuwa nyingi), wakakodi mpaka viti.

Sasa rudi pale kwenye ploti. Baba Njeri bado na taulo. Purity akatoa simu, na picha hiyo hapo, suti ya kijivu, wameiondoa rangi na kuweka mshumaa kando. "Soma," Baba Njeri akasema, "usome kwa lugha nitasikia." Msichana akasoma akiangalia chini: "Nilimzika mume wangu. Siku yake ya mwisho aliniomba kikombe cha uji, sikuwa nao. Leo nasaga ili mume wa mwanamke mwingine asife."

Baba Njeri akakaza taulo.

"Mama Njeri," akaniambia, na hakupaza sauti, angepaza ningeshukuru. "Ulisoma hii kitu kabla waiweke?"

Mama Kibe ananiangalia. Wote wananiangalia, wale wale wanaonisikiliza nikisoma Biblia kila Jumapili, wanaosema mimi ni msomi wao. Ukweli ulikuwa maneno mawili tu. Mdomo wangu ukasema, "Nilisoma."

Akaingia ndani, akavaa, akachukua baiskeli. Mlangoni akasema, "Mtu akishazikwa harudi kula. Aliyenizika aje anifukue na mdomo wake." Akaenda kwa dada yake anayeishi Mwihoko, na mpaka leo ninapoandika yuko huko. Kwetu kifo hakitajwi juu ya mtu mzima anayetembea, hata kwa mzaha, na yeye anaamini nilikitaja, nikakiandika, nikakisoma, nikakiweka muhuri. Nimemtumia uji mara tatu. Umerudi na chupa imefungwa vile vile.

Nilienda Ruiru. Coach Lenny alifurahi kuniona! "Mama, umevuma!" Akasema tutoe story nyingine, mzee amerudi, amefufuka kwa nguvu ya uji, na yeye mwenyewe aje tumpige video akinywa. Nikamwambia, "Kijana, nilikuambia mzee wangu anakunywa uji. Nani alikuambia amekufa?" Akasema story ni story. Nikachukua simu yangu kwa Shiru, na nilipompigia Lenny kesho yake namba yangu haiingii kwake, na haijaingia tena. Shiru naye, ambaye amekula kwa mikono ya Baba Njeri tangu akiwa na meno mawili na alijua vizuri yuko hai, alinijibu nini? "Tata, wote hufanya hivyo. Na si ulisema umesoma?"

Hapo hakukosea, na ndiyo inaniuma.

Kwa hivyo naandika, na akina mama wote wasome, na Mama Kibe asome mbele kama anataka. Sikusoma. Kizungu sikijui. Karatasi ingeandikwa kwamba nimeuza watoto ningetingisha kichwa vile vile. Sitavaa miwani tena kudanganya mtu, na unga wangu umerudi sokoni, kwa gorogoro, kwa jina langu, mwenye kuutaka ananikuta nimekaa nao.

Shiru, utaenda kwa Baba Njeri huko Mwihoko, utapiga magoti. Na wewe Lenny, ile ngazi ya juu ya bucha naijua, na nitaipanda kila Jumamosi na goti langu hivi hivi, nikae kiti cha mbele, mpaka wanafunzi wako wakuulize huyu mama anangoja nini. Nangoja uende Mwihoko. Uvae soksi, kwa sababu unaingia nyumba ya watu. Ukae chini, umwangalie yule mzee machoni, umwambie kwa Kiswahili: ni nani alikuambia amekufa?