Siku Wazee wa Katesh Walipompa Akonaay Mgongo

Shemeji yangu Akonaay akishika kombaini, ilikuwa inakata ngano tangu umande unakauka hadi jua linazama, na nyuma yake hukuti hata shuke moja limesimama. Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Nilikuwa mpishi wa wafanyakazi kwenye shamba moja la ngano la serikali, huko tambarare za Hanang, na chakula cha mchana nilikuwa nawapelekea madereva huko huko walipo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia Akonaay hakujua kuendesha. Nitamjibu vibaya.

Alizaliwa Getanuwas, kitinda mimba wa mzee Hhando, na ni mdogo wa mume wangu Hermani. Alikuja shambani kama kibarua wa kushona magunia. Hermani alikuwa fundi wa karakana, akawa anampandisha kwenye mitambo jioni wakiijaribu. Msimu mmoja dereva wa kombaini akaugua katikati ya mavuno, meneja akauliza nani anaweza kushika, Akonaay akapanda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshusha. Ni mtu mrefu, mpole kupita kiasi, na mvi zozote akiziona, ziwe za nani, kofia inatoka kichwani.

Sasa mwaka huo, ile miaka ya themanini ambayo sukari ilikuwa ya kupangiwa foleni, meneja akatutangazia mambo mapya. Madereva wa msimu basi. Mavuno yakiisha, atakayebaki ni mwenye leseni, na lori la shamba linataka dereva wa kudumu. Akamwambia Akonaay mbele yetu sote kwamba nafasi ni yake, alete leseni tu kabla ngano haijaisha shambani. Asipoleta, arudi Getanuwas, kwenye shamba la baba ambalo kaka zake walishagawana mpaka likabaki la kupigia danadana. Nilifurahi siku hiyo nikawaongezea watu wote nyama.

Jamani, laiti ningejua.

Mtihani ulikuwa Katesh, mara moja kwa mwezi, na mpimaji alikuwa trafiki mmoja wa makamo, afande Isidori, mtu wa kutoka kusini huko, maneno yake ya kuhesabu. Mwezi wa nne Akonaay akaenda na Landrova ya shamba. Wakampangia mapipa uwanjani apite katikati. Kombaini, kama hujui, magurudumu yanayokata kona yako nyuma, kwa hiyo ukiizoea mkono wako unajifunza kungoja. Akonaay akangoja. Alipokuja kuzungusha usukani, pipa la kwanza lilishalala chini, na la pili likalifuata. Afande akasema, "Umefeli. Rudi mwezi ujao." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, naye akacheka na sisi. Hermani akampangia madebe nyuma ya karakana, akazunguka nayo kila jioni mpaka mkono ukaelewa.

Mwezi wa tano mapipa akayapita vizuri kabisa. Wakaingia barabarani. Walikuwa wanatoka kituoni, wanapandisha hadi kwenye pampu ya mafuta, wanageuza, wanarudi. Kitu gani kigumu hapo? Kufika karibu na soko, mzee mmoja amesimama na fimbo yake anatazama gari linakuja. Akonaay wangu akakanyaga breki pale pale alipo. Akazima gari, akashuka, akavua kofia, akamsalimia. Na kwetu salamu si shikamoo ukapita. Utaulizwa ng'ombe, utaulizwa watoto, utaulizwa mvua ya huko utokako, na wewe unauliza vile vile. Nyuma yao basi la Singida linapiga honi. Alipopanda, afande akamwambia wageuze warudi. Kituoni akasema, "Umefeli. Rudi mwezi ujao."

"Amefeli kwa nini?" nikamuuliza jioni, nikiwa na mwiko mkononi.

"Sijui, shemeji. Nafikiri kwa kusalimia."

Reginald akadakia. Huyu alikuwa karani wa stoo, kijana wa kuja, mwenye kuchana nywele upande mmoja. Yeye alikuwa amefaulu mara ya kwanza tu, na wiki iliyofuata akalirudisha nyuma tela la mbegu, trekta na yote, mpaka ndani ya ukuta wa choo cha wanawake, tena Letisia wa ofisini akiwemo. Mtu huyo ndiye aliyekaa kwenye benchi langu, anakunywa chai yangu, anatuambia, "Sheria za barabarani hazina shikamoo. Dereva hasalimii. Mtu wa shamba ni wa shamba tu."

Nilitaka kumnyang'anya kikombe. Lakini kwa sababu yeye ana leseni na sisi hatuna, tukamwamini. Ndiyo ujinga wetu huo.

Mwezi wa sita akaenda ameapa hasalimii mtu. Akafika sokoni, wazee wawili. Akapita. Lakini moyo ulimuuma, akawa anawatazama kwenye kioo awaombe msamaha kwa macho, na mbele kuna mbuzi. Mbuzi alipona. Afande alipoteza kofia. Umefeli, rudi mwezi ujao.

Mwezi wa saba akasema bora asalimie kuliko kuua. Akasimama, akashuka, akasalimia. Umefeli.

Hapo kicheko kilikwisha. Mavuno yalikuwa yameanza, vumbi la ngano limejaa kwenye nguo na kwenye maharage, na Akonaay alikuwa amebadilika. Anakula nusu sahani. Ukimwita anashtuka. Halafu siku moja nilipeleka chakula shambani nikaona kitu sikuwahi kuona: nyuma ya kombaini yake kuna mistari ya ngano imesimama, haijakatwa, imepinda pinda. Nikasimama na sufuria langu kichwani, nikahisi machozi. Hakuna gari la trafiki pale, hakuna pipa, hakuna mzee. Ni yeye na ngano aliyoizoea miaka yote, na mkono umekataa.

"Shemeji, una nini?" nikamuuliza.

"Pengine Reginald anasema kweli," akasema. "Pengine sikuwahi kujua. Ngano haisogei, shemeji. Kitu kisichosogea kila mtu anaweza kukikata."

Meneja naye alikuwa ameona ile mistari. Akamwita, akamwambia mwezi wa nane ndiyo mwisho, na kama kombaini nayo imemshinda aseme mapema atafutwe mwingine. Usiku ule nilimwambia Hermani mimi siwezi kukaa hivi hivi nikitazama mtu anaoza akiwa mzima. Hermani akasema, "Utafanya nini, utamfanyia mtihani?" Nikamwambia ataona.

Siku ya mtihani nilidandia lori la kwanza la kwenda Katesh, kwa kisingizio cha vitunguu. Akonaay atakuja nyuma na Landrova, pamoja na dereva mwenye leseni. Nikaenda moja kwa moja kwa wazee wanaokaa upande wa juu wa soko. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikakaa chini, nikawaeleza yote. Nikawaambia, "Baba zangu, kijana huyu akiona uso wa mzee, gari linasimama. Nawaomba leo asiuone."

Wee! Wakakaa kikao. Mmoja akauliza kama hii si dharau. Mwingine akauliza baba yake ni nani, akaambiwa ni Hhando wa Getanuwas, wakaanza kuhesabiana ukoo. Mwisho mkubwa wao, mzee Nicodemo, akasema mtu aliyekupa mgongo huna deni la kumsalimia, hilo linajulikana. Gari likija watageuka wote, watautazama mlima. Na wakatuma habari kwa wenzao mpaka kule juu kwenye pampu.

Nilisimama karibu na pampu nikiwa nimeshika vitunguu vyangu. Landrova ikatokea kule chini. Nakwambia, wazee wote wa barabara ile, wenye fimbo, wenye blanketi, waliokuwa wanakunywa chai, wakageuka wakampa Akonaay mgongo. Wakautazama mlima Hanang kana kwamba ndiyo kwanza wameuona leo. Mama mmoja mwuza ndizi akaniuliza kuna nini huko mlimani. Gari linakuja zuri, limenyooka, halitetereki. Nikaanza kusali kwa sauti.

Mara basi la kutoka Singida likasimama upande wa pili na mtu mmoja akashuka polepole, na blanketi lake jekundu na fimbo yake. Alikuwa mzee Hhando, baba mkwe wangu. Alikuwa amesikia huko Getanuwas kwamba mwanawe anakuwa dereva wa serikali, akaja kuona. Hakuna aliyempa habari za kugeuka. Akasimama ukingoni mwa barabara, uso wazi, anamtazama mwanawe anakuja.

Nikataka kupiga kelele "Baba, geuka!" lakini mkwe huwezi kumfokea barabarani. Nikabaki nimefunika mdomo kwa kanga.

Nilimwona Akonaay kupitia kioo cha mbele cha gari. Alimwona baba yake. Na uso wake, ambao tangu mwezi wa sita ulikuwa umekunjamana, ukalegea wote. Baadaye aliniambia hapo alijua kazi imekwisha. Angeweza kumpita mzee mwingine yeyote, lakini baba yake aliyepanda basi kuja kumwona, hapana. Amefeli tayari, basi. Kilichobaki ni kumsalimia baba.

Taa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima. Gari likapunguza mwendo, likatoka nje ya njia ya magari, likakaa kwenye majani pembeni kabisa, limenyooka. Akavuta breki ya mkono. Akatazama kioo, akatazama nyuma, ndipo akafungua mlango. Basi likapita zake bila kupiga honi. Akonaay akavuka, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wa huko hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Na wa nyumbani?"

Wakaenda na ng'ombe, wakaenda na watoto, wakafika kwenye mvua. Afande Isidori naye akashuka, nikajua sasa ni matusi. Kumbe akavuka, akavua kofia yake ya kazi, akasema, "Shikamoo, mzee." Akaitikiwa marahaba. Kisha wakarudi garini, taa ya kulia, Akonaay akageuza shingo kutazama nyuma, wakaingia barabarani, wakaenda.

Nilimshika baba mkwe mkono tukateremka hadi kituoni. Tulipofika, Akonaay amesimama kando ya gari, kofia mkononi, macho chini, anangoja lile neno lake. Afande akaandika, akafunga kalamu.

"Umefaulu," akasema.

Akonaay akaitikia, "Asante, mzee," akageuka aondoke. Alikuwa hajasikia! Nilimkamata shati.

Halafu hasira zikanipanda, nikasahau kwamba naongea na polisi. "Shikamoo, afande. Samahani, lakini mimi sielewi. Mwezi wa tano alisalimia ukamfelisha. Mwezi wa saba alisalimia ukamfelisha. Leo amesalimia mpaka mvua, umempitisha. Unatuchezea?"

Afande akanitazama, kisha akamtazama Akonaay. "Nani amesema nilimfelisha kwa kusalimia? Asalimie mpaka kesho. Nilimfelisha kwa kusimama katikati ya barabara na basi la abiria nyuma yake. Leo ameonyesha, ametoka nje, ameegesha, ametazama. Ndicho nilichokuwa nangoja tangu mwezi wa tano."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Hakuuliza," akasema afande, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Kila mtu nikimfelisha ananifuata mpaka mlangoni: afande nimekosea wapi, afande kwa nini. Huyu namwambia umefeli, anavua kofia, 'asante, mzee', anaondoka zake. Nikadhani anajua."

Kumuuliza mtu mzima kwa nini umesema hivi! Huyu amelelewa na Hhando, angeanzaje? Nilitaka kumpiga shemeji yangu na zile kilo za vitunguu, na wakati huo huo nilitaka kumbeba. Yeye akakaa chini kwenye majani, miguu mirefu imekunjwa, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikaona machozi yanashuka na vumbi la ngano. Nami nikalia, sioni haya kusema.

Baba mkwe alikuwa amesimama anatutazama kwa zamu. Nikamweleza kwa heshima, kwa kifupi, jinsi mwanawe alivyofeli na kufeli, na jinsi kombaini nayo ilivyotaka kumshinda kwa sababu aliamini kwamba hawezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Nani alikwambia huwezi?"

Akonaay akafungua mdomo. Nilijua anataka kumtaja Reginald, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia kumtaja. Akaufunga. Akainuka, akajipangusa majani kwenye suruali.

"Afande alisema umefeli tu, baba," akasema. "Hilo la siwezi nilijiongezea mwenyewe."