Pumzi Kutoka Majini

Madame wetu wa kemia ana vidole vyeusi kwa risasi ya penseli, na kabla ya kuingia darasani hukohoa, kama anayebisha hodi. Leo amezamisha penseli mbili katika maji ya majivu na kuziunga kwenye betri ya pikipiki. Mapovu ya penseli moja yanajaza chupa ndogo.

«Madame, wale wanaoishaka mu chombo kule angani, hewa yao inatokaka wapi?» anauliza Eliane.

«Mu maji. Hata mu mikojo yao.»

Tunacheka, yeye hacheki. Wiki hii jaribio limemkatalia mara mbili. Ili kuonyesha kwamba chupani mna hewa ya kupumua, ile inayowasha moto, anashusha humo kijiti chenye kaa jekundu, huku ameziba mdomo kwa mkono, tusije tukasema amepuliza. Kaa linalipuka kuwa moto. Anapoondoa mkono, mdomo una alama nyeusi za vidole vitano, nao unacheka.